Nondo wa Eastlands na jamaa zao wa mlimani

Msomaji, jioni ya leo giza likishatanda, fungua mlango wa nyumba yako uitazame balbu iliyo juu ya kizingiti. Ikiwa unaishi Kayole, Umoja, Dandora au Kariobangi, na ikiwa mvua imenyesha juzi, huenda ukamkuta hapo mgeni ambaye hujapata kumuuliza jina. Amejibandika ukutani kama kipande cha gome la mti. Ukimgusa anakuachia unga wa kijivu kidoleni. Watoto humwita popo mdogo, kina mama humwita kipepeo wa usiku, na wengi wetu humfukuza kwa ufagio kabla hajatumbukia katika chai.

Jina lake ni nondo. Najua kwamba kwa jirani zetu Watanzania nondo ni vile vyuma vinavyotiwa ndani ya zege, na vijana wa mitaani nao hulitumia neno hilo kwa habari nzito. Hapa nazungumzia mdudu.

Swali lililonitoa nyumbani kwenda kumtafuta mdudu huyu niliulizwa na mama mmoja anayeuza sukuma wiki huko Kayole Soweto, chini ya ile taa ndefu ya mlingoti tunayoiita mulika mwizi. Nitalifikia swali lake. Lakini safari yangu haikuanzia kwake. Ilianzia Gikomba, na ilianza kwa hasira.

Miaka michache iliyopita nilinunua koti la sufu katika soko hilo, koti zuri la kizungu, likiwa bado lina harufu ya robota. Nilikusudia kulivaa mwezi wa Julai baridi inapouma. Nilipolitoa kabatini lilikuwa limekuwa chujio. Nikaapa kwamba sitamwacha hai nondo yeyote atakayetua kwenye balbu yangu, na kwa muda mrefu niliitimiza ahadi hiyo kwa kandambili.

Niliporudi Gikomba mwaka huu kumsimulia muuzaji mmoja wa makoti, alicheka hadi akashika mbavu. "Uliwaua wasio na kosa," akaniambia. "Mla nguo haji kwenye taa. Ukiwasha taa yeye hukimbia."

Naam, muuzaji huyo alisema kweli. Nondo wa nguo ni kidudu kidogo cha rangi ya majani makavu yanayong'aa, mwenye urefu wa kama punje ya mchele tu, na hupenda giza la kabatini. Tena yeye mwenyewe hali nguo. Anayekula ni mtoto wake, kiwavi mweupe anayejisokotea nyuzi katikati ya sufu. Hula sufu, manyoya na nywele kwa kuwa tumbo lake lina uwezo wa kuyeyusha vitu ambavyo wadudu wengi hawaviwezi. Shati la pamba lililo safi hana haja nalo. La kuchekesha ni kwamba wako wataalamu wanaoamini asili ya nondo huyu ni bara letu la Afrika, na kwamba alifika Ulaya baadaye kwa mizigo ya wasafiri. Kama ni hivyo, basi alitoka kwetu bila nauli, akala makoti ya Wazungu, kisha akarejea nyumbani ndani ya robota la mitumba.

Anaye binamu ambaye bila shaka umewahi kumwona. Ni kile kifuko kidogo cha kijivu, bapa kama mbegu ya boga, kinachojikokota ukutani karibu na dari. Ndani yake mna kiwavi aliyejishonea nyumba kwa hariri, vumbi na mchanga, naye hutoa kichwa upande huu au ule. Hula uzi wa buibui, manyoya na takataka za pembeni. Katika nyumba za chumba kimoja za Eastlands huyo ni mpangaji wa kudumu, na hajapata kulipa kodi.

Kutoka Gikomba nilipanda matatu ya kwenda Umoja, na ndani ya matatu hiyo ndipo nilipoelewa jambo ambalo vitabu vya wataalamu vilikuwa vimeshindwa kunielewesha. Kando yangu aliketi msichana aliyetoka mashambani kumtafuta mjomba wake. Kondakta alimuuliza anashukia wapi. "Umoja," akajibu. Abiria wakaguna. Umoja ipi? Umoja One, Umoja Two au Innercore? Ploti nambari ngapi? Mlango upi? Msichana hakuwa na lingine ila jina la mtaa, na jina la mtaa peke yake halimfikishi mtu kwa mjomba wake.

Ndivyo walivyo nondo. Ukisema "nondo" umetaja Eastlands nzima. Yapata aina 160,000 za vipepeo na nondo zimeshapewa majina ya kitaalamu duniani, na katika hizo vipepeo wa mchana ni kama 18,000 tu. Wengine wote ni nondo. Kundi hilo zima huitwa Lepidoptera, jina la Kigiriki lenye maana ya mabawa ya magamba, maana ule unga unaobaki kidoleni ni magamba madogo mno yaliyopangwa kama vigae vya paa. Nilipokuwa mtoto tuliambiwa kwamba unga huo ukiingia jichoni utapofuka. Si kweli, ingawa wapo viwavi wenye nywele zinazowasha kama upupu.

Aliyeanza kugawa ploti katika mtaa huu ni Mswidi Carl Linnaeus. Mwaka wa 1758 aliwatia katika makundi matatu: Papilio kwa wale wa mchana, Sphinx kwa wale wakubwa wa magharibi, na Phalaena kwa wale wa usiku. Ilikuwa kama kugawa Nairobi kwa Eastlands, Westlands na mjini kati. Waliomfuata walikata ploti, wakakata tena, mpaka leo kila nondo ana anwani kamili: oda, familia, jenasi na spishi. Mtaa, awamu, ploti, mlango.

Unaweza kuuliza, msomaji, haya yatakusaidia nini ilhali bei ya unga inapanda? Sasa twende Kayole.

Nilifika Soweto saa mbili usiku, katikati ya Aprili, mvua ikiwa imepusa. Chini ya mulika mwizi kulikuwa na dunia nzima: wachoma mahindi, mafundi wa simu, vijana wa bodaboda, watoto waliokataa kulala. Juu yetu, kuzunguka taa, kulikuwa na dunia nyingine. Maelfu ya wadudu walizunguka kama vumbi la mahindi kwenye kinu, na popo wakipita katikati yao wakijichotea.

Wengi wa wale watoto waliokuwa wakiwakusanya ndani ya mikebe walikuwa ni kumbikumbi, si nondo. Kumbikumbi ana mabawa manne yaliyolingana, hana unga, na akikaangwa kwa chumvi ni mtamu. Lakini miongoni mwao walikuwemo nondo wa kila sura. Nilimwona mmoja mwenye mwili mnene kama kidole gumba, mabawa membamba kama ya ndege ya kivita, tumbo lenye mistari ya waridi na nyeusi. Huyo ni Agrius convolvuli, wa familia ya Sphingidae, ambaye watoto wake hula majani ya viazi vitamu. Mrija wake wa kunyonyea maua ni mrefu kuliko mwili wake, nao hukunjwa chini ya kidevu kama spring'i ya saa. Wako wengine wakubwa zaidi, wa familia ya Saturniidae, wenye duara kama macho kwenye mabawa. Hao wakishakuwa watu wazima hawana kinywa cha kulia. Huishi siku chache kwa akiba waliyoila utotoni, wakazaa, wakafa.

Kwa nini hujitesa kwenye taa? Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba hudhani taa ni mwezi. Mnamo 2024 watafiti waliowapiga picha kwa kamera za kasi walichapisha jibu jingine. Mdudu arukaye usiku hugeuzia mgongo upande wenye nuru zaidi, kwa sababu tangu zamani juu angani ndiko kweupe kuliko ardhini. Kwa hiyo mgongo ukielekea nuru, anajua yuko wima. Akikaribia balbu, desturi hiyo humponza: anaugeuza mgongo kwa taa, anapinda njia, anazunguka, na akipita juu ya taa anapinduka kichwa chini na kuanguka. Hajavutwa na taa. Amefungwa nayo.

Mama muuza sukuma alikuwa akinisikiliza nikimweleza hayo kijana mmoja. Ana meza yake pale pale chini ya mlingoti, na mchana hulima robo ekari aliyoikodi Njiru, karibu na mto. Akaweka kisu chini.

"Mwanangu," akasema, "kwani hawa ndio mama zao wale viwavi wangu?"

Nilidhani ananitania. La hasha. Kwa misimu mitatu mama huyo alikuwa ameng'ang'ana na viwavi katika mahindi na sukuma, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kiwavi ni mtoto wa nondo. Alidhani huzaliwa na umande, au huja na mbolea. Alikuwa akinunua dawa ile ile, akiinyunyiza mchana wa jua kali, na viwavi walikuwa wakila vile vile. Msimu uliotangulia alivuna debe mbili pale alipotarajia magunia, na mtoto wake wa kidato cha pili alikaa nyumbani majuma matano kwa ajili ya karo.

"Na dawa uliambiwa ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ya viwavijeshi. Si ndivyo mnavyoandika nyinyi magazetini?"

Hapo nilinyamaza, maana alinipata. Mwaka wa 2017, nikiwa ningali mgeni katika kazi hii, niliandika habari za viwavi waliovamia mahindi nchini. Niliwaita viwavijeshi, nikaongeza kwamba si jambo geni, wamekuwako tangu enzi za babu zetu. Sikuwa peke yangu kukosea hivyo. Lakini nilikosea.

Viwavijeshi wa babu zetu ni Spodoptera exempta. Hao kweli ni wenyeji. Nondo wao husafiri kwa upepo mamia ya kilomita, hutua mvua inaponyesha, na viwavi wao weusi hutokea kwa umati, wakala nyasi na nafaka mpaka shamba likabaki vijiti, kisha wakatoweka. Tangu miaka ya 1960 wataalamu wa kituo cha Muguga, karibu na Kikuyu, walikuwa wakihesabu nondo hao katika mitego ya taa ili kutabiri watatokea wapi.

Waliokuja 2017 walikuwa wageni kutoka bara la Amerika, Spodoptera frugiperda, waliogunduliwa Afrika Magharibi mwaka wa 2016 na kuvuka bara kwa kasi ya ajabu. Ni ploti moja na wale wa kwanza, lakini mlango tofauti, na tabia mbalimbali kabisa. Mgeni huyu haji akaondoka. Anakaa. Hajitokezi kwa umati, bali hujificha ndani ya kikombe cha majani machanga katikati ya mhindi, na hapo dawa ya kunyunyiziwa juu juu haimfikii. Akishakua mkubwa, hata imfikie haimtishi.

Nilimwomba mama ruhusa tuonane shambani alfajiri.

Usiku huo nililala kwa rafiki, gorofa ya saba, kando ya Barabara ya Spine. Kabla ya kupanda nilikaa kidogo na mlinzi wa usiku wa jengo hilo, mzee mwenye koti refu la kijeshi. Alikuwa akiwatazama nondo waliotua kwenye lango kama mtu anayekagua mbuzi wake. Nikamuuliza kama anawajua.

"Hawa wa huku ni wengi, lakini ni wepesi wepesi," akasema. "Kwetu juu kuna wengine, kijana wangu. Wamevaa blanketi."

Mzee huyo ni mtu wa Chogoria. Ujanani alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya wapanda mlima. Alinisimulia jinsi walivyowasha taa ya mafuta ndani ya kibanda huku nje maji yakiganda, na mara moja moja nondo mweusi, mwenye manyoya kama paka, akaja kujigonga kwenye kioo. Mchana waliwakuta wamejibanza ndani ya majani makavu ya ile mimea mikubwa inayosimama nyikani kama watu. "Mwingine ukimshika utadhani amekufa. Mtie katika kiganja, mpulizie pumzi, atatetemeka, aende zake."

Kulipopambazuka nilipanda darini. Mvua ya usiku ilikuwa imeosha moshi wote. Mashariki, Ol Donyo Sabuk ulionekana kama mgongo wa fahali. Na kaskazini, juu ya mapaa ya mabati ya Dandora na moshi mwembamba wa jaa la taka, ulisimama Mlima Kenya, zaidi ya kilomita 130 kutoka pale, wenye meno meusi na theluji kidogo. Wakazi wengi wa Eastlands hawajui kwamba asubuhi kama hiyo mlima huonekana kutoka wanapoanika nguo.

Ukutani kando yangu alikuwako Agrius mmoja, aliyechelewa kuondoka. Alikuwa akitetemesha mabawa bila kuruka, kama mgonjwa wa malaria. Hakuwa mgonjwa. Misuli ya kurukia ya nondo mkubwa kama huyo haifanyi kazi mpaka ipate joto linalozidi nyuzi 35 hivi, na alfajiri ya Kayole haina joto hilo. Basi hutetemeka ili ajipashe moto, kama dereva wa lori la dizeli anavyoiacha injini ingurume kabla ya kuondoka. Ndicho alichokifanya yule wa Chogoria ndani ya kiganja cha mzee.

Hebu sasa pima tofauti. Kayole iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita elfu moja, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Kwenye mita 4,600 mlimani, ni baridi kuliko Kayole kwa nyuzi 18. Msomi wa mimea Olov Hedberg, Mswidi aliyeichunguza milima yetu mirefu, alieleza kwamba huko kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni majira ya baridi ya Ulaya. Nondo wa mahali kama hapo, katika milima yetu na milima mingine ya dunia, hana budi kuwa na mbinu. Wengi wana manyoya mazito kifuani na rangi nyeusi nyeusi ya kunyonya jua. Wengine huacha usiku na kuruka mchana. Na katika baadhi ya aina, kwa mfano kwenye milima ya Alps, jike hana mabawa ya kurukia. Upepo wa kileleni ungempeperusha hadi bondeni, kwa hiyo hutembea tu kwa miguu na kumngoja dume amfuate kwa harufu.

Zaidi ya hayo, kilele ni kisiwa. Nondo aliyezoea baridi ya Mlima Kenya hawezi kushuka, akapita joto la nyanda za chini, akapanda Kilimanjaro. Angekufa njiani. Ndiyo maana baadhi ya viumbe wa nyika hizo za juu hawapatikani mlima mwingine wowote.

Na hapa pana jambo linaloniuma. Wengi wa waliokwenda kuwapa anwani nondo wa milima yetu walitoka mbali, na anwani zenyewe zimehifadhiwa mbali. Kundi la Waswidi wakiongozwa na Yngve Sjöstedt lilikusanya wadudu Kilimanjaro na Meru mwaka wa 1905 na 1906. Jumba la makumbusho la Uingereza nalo lilituma msafara Ruwenzori na milima mingine ya Afrika Mashariki mwaka wa 1934 na 1935. Nondo anapopewa jina kwa mara ya kwanza, yule mmoja aliyetumiwa kumweleza huwekwa kama shahidi. Yeyote mwenye shaka siku za usoni hana budi kwenda kumlinganisha naye. Mashahidi wengi wa milima yetu wako Stockholm na London. Kijana wa Dandora akitaka kuthibitisha nondo wa mlima anaouona kutoka darini kwao, huenda akahitaji viza.

Hata hivyo si kwamba hatuna kitu. Makumbusho yetu ya Nairobi yalianzishwa 1910 na chama cha wapenda elimu ya viumbe, na tangu 1930 yamekuwa pale Museum Hill, ambako kuna makabati ya wadudu waliokusanywa kwa vizazi. Na hapo Kasarani, mwendo mfupi kutoka Kariobangi, kuna kituo cha kimataifa cha wadudu, icipe, kilichoanzishwa mwaka wa 1970 na Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo.

Kwa nini tuharakishe? Katika mlima Kinabalu, kisiwani Borneo, watafiti walirudi mwaka wa 2007 kuwahesabu nondo mahali pale pale walipohesabiwa mwaka wa 1965. Walikuta kwamba kwa wastani nondo wamehama kupanda juu mita 67 katika miaka hiyo 42, kwa sababu ya joto. Anayeishi katikati ya mlima anayo nafasi ya kupanda. Anayeishi kileleni hana.

Nilimkuta mama tayari yuko shambani, gauni limelowa umande hadi magotini. Hewa ya Njiru asubuhi haikosi harufu ya mto, na mto wenyewe si wa kusifiwa, lakini udongo ule mweusi huotesha. Nilikuwa nimebeba daftari na lenzi ndogo.

Tulianza na sukuma. Chini ya jani kulikuwa na viwavi wadogo wa kijani, waliojipinda pinda kwa fujo tulipowagusa, kisha wakajiangusha wakining'inia kwa uzi. Huyo ni Plutella xylostella. Nondo wake ni mdogo, na akikunja mabawa mgongoni huonekana alama kama almasi. Ndiye mmoja wa wadudu sugu kuliko wote duniani kwa dawa. Mwaka wa 2002 wataalamu wa icipe walimwachilia, katika vilima vya Taita na huko Limuru, nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Taiwan. Nyigu huyo hutaga ndani ya kiwavi wa Plutella, naye huliwa kutoka ndani. Mkulima anayenyunyizia sumu kali kila juma huua nyigu kwanza, na kiwavi hubaki akicheka.

"Kwa hiyo nilikuwa nikiwaua askari wangu," akasema mama.

Kisha mahindi. Mhindi wa kwanza ulikuwa na tundu dogo kwenye bua, na unga kama wa msumeno ukitoka. Tuliupasua tukamkuta kiwavi wa rangi ya waridi iliyofifia amelala ndani kama mtu gorofani. Huyo ni kiwavi wa bua, Busseola fusca, mwenyeji wa nyanda zetu za juu. Familia yake ni Noctuidae, sawa na viwavijeshi, lakini ploti nyingine. Anaye mshindani, Chilo partellus, aliyetoka Asia na kutawala sehemu za joto kama Pwani. Yaani hata hawa wamegawana nchi kwa kimo, kama wale wa mlimani. Akishaingia ndani ya bua, dawa ya juu ni fedha iliyotupwa. Huko Mbita, ziwani, tangu miaka ya 1990, icipe imewafundisha wakulima kupanda desmodiamu kati ya mistari ili harufu yake imfukuze nondo, na nyasi za napier pembeni ili zimvute huko.

Mhindi wa pili majani yake yalikuwa yametoboka ovyo, na ndani ya kikombe mlikuwa na kinyesi kama unga uliolowa. Mama akakikunjua kikombe kwa vidole viwili, taratibu, kama anayefungua barua.

"Mtazame usoni," nikamwambia, nikampa lenzi. "Kuna alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa? Na karibu na mkia, madoa manne yaliyokaa kama pembe za meza?"

Akainama. Akakaa kimya muda mrefu, jua likipanda nyuma ya Ruai.

"Naiona Y," akasema. "Naona na meza."

Akamponda kwa kucha. Kisha akageuza jani la jirani, akanionyesha kitu nilichokuwa nimekipita bila kukiona: kiraka kama pamba chafu, kidogo kama ukucha wa mtoto. Ni mayai, zaidi ya mia kwa pamoja, yaliyofunikwa kwa nywele za tumbo la nondo aliyekuja usiku. Pengine alipita kwanza kwenye mulika mwizi, juu ya meza ya sukuma.

Mama akakiponda nacho, akafuta kidole kwenye gauni, akahamia mstari wa pili. Nilipoondoka saa nne alikuwa amefika wa kumi na nne, na lenzi yangu nilimwachia.